Jibu Nililompa Mama Riziki

Nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa mwaka wa pili wa ufamasia, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za bweni nikiota jua. Mji ule wa mashamba ya ngano una baridi inayogandisha majani, na wewe mwanangu utaijua wiki ijayo, maana unakwenda kuanza masomo yaleyale katika chuo kilekile, saa sita kwa treni kutoka hapa Sydney. Wenzangu waliokuja kukuaga wamekuletea mablanketi na masufuria. Mimi nimekuja na kisa changu, na sijakipamba.

Simu ililia, na aliyepiga ni Mama Riziki wa Rooty Hill, mtaa wetu hapa Sydney. Mama huyu tulikuwa majirani tangu kambi ya wakimbizi kule Kigoma, tukaja kuwa majirani tena huku. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyenipikia mpaka nikajua kupika mwenyewe. Siku ninaondoka kwenda chuoni alisimama kanisani, mbele ya kwaya nzima, akasema, "Huyu Shukuru ndiye daktari yetu!" Watu wakapiga makofi. Sikuwasahihisha. Sikuwaambia kuwa mfamasia si daktari, wala kwamba hata huo ufamasia nilikuwa sijaugusa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa kabla hata sijapanda mnazi.

Basi tangu siku hiyo watu walikuwa wakinipigia. Huyu kichwa, yule tumbo, mwingine mtoto wake ana vipele. Nilijibu wote. Nakiri kwamba nilipenda. Darasani nilikuwa Mwafrika peke yangu, nusu ya maneno ya walimu yananipita, wenzangu wananizungumzia polepole kana kwamba mimi ni kiziwi. Lakini kwenye simu ile nilikuwa mtu.

"Mutoto yangu," akasema Mama Riziki, "ile goti inanitesa. Niko kwa supamaketi, naona dawa ya maumivu hapa. Mi naweza kunywa hii pamoja na dawa yangu ya moyo?"

Mwanangu, sikujua. Ningeweza kumuuliza, "Hiyo dawa ya moyo inaitwaje?" Ningeweza kumwambia aingie duka la dawa lililo palepale karibu na supamaketi, amwulize mfamasia. Nilimsikia akipumua, akisubiri, na nikaona nitamwangusha. Nikasema, "Haina shida, Mama. Kunywa tu baada ya chakula."

"Aksanti, daktari yangu," akasema.

Siku kumi na mbili baadaye tulikuwa darasani. Mwalimu akaanza somo la dawa zinazozuia damu isigande, ambazo wagonjwa wengi wa moyo huzitumia. Kisha akaonyesha picha ya pakiti ya dawa ya maumivu, ileile inayouzwa bila karatasi ya daktari, akatuambia kuwa mtu akizichanganya hizi mbili anaweza kuvuja damu tumboni, na wengine hufa. Niliacha vitabu mezani, nikatoka nje kupiga simu.

Aliyepokea ni binti yake, Riziki mwenyewe. "Mama yuko hospitali tangu juzi," akasema. "Alitapika damu."

Kesho yake asubuhi nilipanda treni. Saa sita zile sikula, sikusoma, sikulala. Mashamba yalipita dirishani na kondoo wake, na mimi nilikuwa natunga uongo. Nitasema alinisikia vibaya. Nitasema simu ilikuwa inakatika. Unashangaa? Mtu akiogopa, akili yake hufanya kazi kwa bidii kuliko siku ya mtihani.

Nilimkuta amekaa kitandani, uso umekwisha rangi, amefungwa kitambaa chake cha kwaya kichwani. Alikuwa ameongezewa damu, na hatari ilikuwa imepita. Akanishika mkono kabla sijafungua mdomo.

"Waliniuliza nani aliniambia nikunywe ile dawa," akaninong'oneza. "Nikasema nilinunua mwenyewe. Sikutaja jina yako. Wasikufukuze ku chuo."

Hapo uongo wote niliotunga ukaniisha. Nililia, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mbele ya wodi nzima.

Wakati uleule akaja mfamasia wa wodi, mama mzee wa Kizungu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na orodha ya dawa za Mama Riziki mkononi. Alikuwa anatafuta mtu wa kumtafsiria. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyemwambia anywe. Nasomea ufamasia."

Akavuta kiti. "Ulimuuliza anatumia dawa gani nyingine?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kusema sijui."

Hakunifokea. Alinipeleka kwa daktari wa zamu nikaeleza yote, kwa kuwa walihitaji kujua alimeza vidonge vingapi na kwa siku ngapi. Tuliporudi, Mama Riziki akauliza kupitia kwangu kama anaweza kupaka dawa ya kuchua kwenye goti. Yule mfamasia akatabasamu. "Nadhani najua jibu," akasema, "lakini ngoja nihakikishe." Akafungua kitabu palepale mbele yetu, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akampigia mwenzake simu. Ndipo akajibu.

Mama Riziki alimtazama mpaka akaondoka. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa ya mgonjwa tena.

"Umeona? Huyu nywele yote imekuwa nyeupe, na bado anafungua kitabu. Wewe wa miaka mbili unajibu bila kufungua! Mi nilikuuliza sababu nilikuamini, Shukuru. Kama ungesema haujui, ningekupenda vilevile."

"Nitaacha chuo, Mama."

"Uache? Basi damu yangu imeenda bure? Rudia ku masomo. Ujifunze mpaka ukomae."

Nikarudi. Niliporudi, nilikuwa mwanafunzi wa kuudhi, wa kunyoosha mkono kila mara. Na simu za Rooty Hill ziliendelea kulia. Nikawa nasema, "Sijui, ngoja niulize," na wengine walinicheka: "Sasa huko unasoma nini?" Haikuniua, mwanangu. Waliocheka ndio wanaokuja leo kwenye duka letu la dawa kule Seven Hills na mifuko yao ya vidonge, wananimwagia mezani, wananiambia, "Tuangalizie, wewe hubahatishi." Juzi tu nilimweka mzee mmoja kwenye kiti dakika ishirini nikimtafuta daktari wake kwa simu. Alinung'unika, lakini alisubiri.

Nasaha yangu, basi, ni hii. Watu watakuita daktari kabla ya wakati. Wasahihishe siku hiyohiyo, kwa upole. Kabla hujajibu, uliza: unatumia nini kingine? Usipojua, sema hujui, kisha nenda ukatafute, maana heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usimwachie mgonjwa kazi ya kukuficha. Sema mapema, kwa mtu anayeweza kusaidia. Upweke wa mji ule nao usikudanganye kwamba thamani yako iko kwenye majibu uliyonayo. Sisi tulikupenda kabla hujajua kusoma.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho ya kusoma hata herufi ndogo, akupe walimu wasiochoka na maswali yako, na mkono wako umfikishie kila mgonjwa nafuu. Na uturudie mzima, tukupokee kwa vigelegele. Amina.