Shangazi Aliponiposea Kazi

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kali, mwanangu, nimekaa katika ofisi ya karakana moja kule Inver Grove Heights, hapa Minnesota, nimevaa koti la kuazima na mdomo nimeufunga. Kando yangu alikaa Shangazi Rahabu, dada yake baba yangu, na ndiye aliyekuwa akiongea. Mwenye kutafuta kazi nilikuwa mimi. Mwenye kujibu maswali alikuwa yeye.

Nakusimulia haya kwa sababu mama yako hajaacha kunipigia simu tangu Jumapili. Anasema lile shirika la hisani la huko Anoka limekutafutia mahojiano kwenye karakana ya mabasi ya shule, siku ya Alhamisi, na kazi yenyewe ndiyo ile uliyokuwa ukiililia, ya kufundishwa ufundi huku unalipwa. Anasema, "Dada, twende naye hiyo intavyu. Wewe unajua kuongea na Wazungu." Nikamuuliza kama wewe umekatwa ulimi. Akasema una haya. Basi nikakuuliza wewe mwenyewe, umejilaza kwenye kochi langu na simu mkononi, nawe bila hata kuinua macho ukanijibu, "It's fine, Auntie, you guys can come." Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Ningebaki pale ningesema neno la kujutia.

Kwa hiyo kaa, weka hiyo simu, unisikilize.

Nilipofika Minnesota nilikuwa na umri kama wako. Masomo yalinikatikia njiani, nikaishi kwa Shangazi kwenye nyumba za kupanga pale Burnsville. Shangazi alinipokea, akanilisha, akaninunulia viatu vya theluji kabla sijajua kwamba theluji ina viatu vyake. Sitamsema vibaya. Lakini Shangazi, na kina mama wote wa ushirika wetu wa kanisa, walikuwa na jibu moja kwa kila Mkenya aliyeshuka kwenye ndege: nenda ukatunze wazee. Ni kazi ya heshima, nami baadaye niliifanya. Ila mimi nilikulia Voi kwenye karakana ya baiskeli ya baba, mikono imejaa grisi, na nikiona gurudumu linayumba vidole vinaniwasha. Jambo hilo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Aliyeniuliza alikuwa Bi Linda. Alikuwa akiendesha mradi wa kusaidia watu kupata kazi, chini ya kanisa moja kule Saint Paul. Shangazi hakupenda niende. "Huko ni kwa watu waliokwama," alisema. Nikamjibu, "Shangazi, mimi nimekwama." Na kweli tulikuwa tumekwama sote mle ndani: kulikuwa na mwanamume aliyetoka gerezani, kulikuwa na mama Mkongomani mwenye lugha nne na Kiingereza si mojawapo, na wengine waliolala kwa jamaa kama mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama.

Siku ya kwanza Bi Linda aliniuliza, "Ukiachiwa uchague, ungependa kufanya kazi gani?" Nilidhani ananitega. Kwetu swali lilikuwa kazi gani ipo, siyo kazi gani unaipenda. Nilimzungusha hata akakaribia kuchoka, ndipo nikasema ningependa kutengeneza vitu vyenye magurudumu. Hakucheka. Baada ya muda akanipatia ile karakana ya Inver Grove Heights, inayotengeneza viti vya magurudumu vilivyoharibika na kuwarudishia watu wasioweza kununua vipya. Mwenye karakana hakuwa ametangaza kazi. Alikubali kuniona kwa sababu Bi Linda alimwomba, na nafasi ilikuwa moja.

Sasa, mazoezi ya kuhojiwa yalikuwa mateso. Bi Linda ananiuliza, "Unajua nini?" Ninasema, "Kidogo tu." Anauliza tena, natazama sakafu. Nimelelewa nikijua kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na huyu mama ananitaka nijitembeze. Alikuwa akishika kichwa chake kwa mikono yote miwili. Wakati ule nilimwona hana adabu. Leo ninapokutazama kwenye kochi, namwelewa vizuri sana.

Mwisho aliniambia, "Njoo peke yako, useme kile unachokijua." Nikampelekea Shangazi habari hiyo, na Shangazi akakataa katakata. Alisema binti haendi kwa wanaume asiowajua kujinadi kama nguo ya mtumba. Jambo kubwa husemewa. Kama posa ina mshenga, na kazi je? "Na wewe nyamaza," akaniambia. "Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

Basi akaja. Alivaa kitenge chake cha harusi chini ya koti la baridi, akabeba chupa ya chai na mahamri kwenye kitambaa, maana mkono mtupu haulambwi. Yule bwana alishangaa, lakini alikuwa mtu mstaarabu, akala hamri, akalisifu. Shangazi akaanza. Akaeleza ukoo wetu. Akaeleza kwamba naimba kwaya, kwamba sitoki ovyo, kwamba sijawahi kumjibu mkubwa. Yule bwana akageuka kwangu: "Umewahi kunyoosha gurudumu lililopinda?" Mwanangu, nilikuwa nimenyoosha magurudumu tangu nikiwa darasa la tatu. Nikamtazama Shangazi. Shangazi akasema, "She is very hardworking." Bwana akauliza ningeanza na nini. Shangazi akasema, "She learns very fast." Akauliza mara nyingine, taratibu, akiniangalia mimi machoni. Nikashusha macho kwa heshima, jinsi nilivyofunzwa.

Akajifuta vidole, akatushukuru kwa mahamri, akatusindikiza hadi mlangoni. Nafasi ile alipewa mtu mwingine.

Bi Linda hakunifokea, na heri angenifokea. Alisema, "Yule bwana nilimwomba kwa jina langu. Nikimpigia tena kesho kwa ajili ya mwenzako, atanisikiliza nusu." Ndipo nikaelewa kwamba sikuharibu yangu peke yangu. Yule mama Mkongomani alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, na mlango nilikuwa nimeuegemea mimi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu walikuwa wakinywa chai kwa Shangazi, naye akawa analalamika. "Wazungu hawana heshima, yule bwana amekula mahamri yangu na kazi akaninyima." Watu wakamwitikia pole. Pale alikuwepo Mzee Mwandoe, mtu wa Wundanyi, ambaye karibu kila ndoa ya ushirika ule aliipelekea posa yeye. Akaweka kikombe chini.

"Rahabu, mimi nimekuwa mshenga tangu ujana," akasema. "Nikifika kwa watu nabisha hodi, nasema nimetumwa na nani, nakaribishwa. Kisha binti anaitwa. Anaulizwa mbele ya wazee wote: unamjua huyu? Umemkubali? Hapo mimi nanyamaza, na baba yake ananyamaza, na mama yake. Asipojibu kwa mdomo wake, tunachukua kofia zetu tunarudi nyumbani. Umeona wapi mshenga akaulizwa akajibu, 'Ndiyo, nimekubali'?"

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

"Mshenga wa huyu mtoto alikuwa yule mama wa mradi kule Saint Paul," Mzee akaendelea. "Alishabisha hodi, akakaribishwa. Wewe ulikwenda kuolewa badala ya bibi harusi."

Shangazi alinuna wiki nzima, na chai ya nyumba ile ikawa haina sukari. Mimi niliona aibu, lakini nilikuwa na hasira zaidi kuliko aibu. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia ile adabu iliyonifunga mdomo, kumbe haikuwa hata adabu yetu kamili, ilikuwa nusu yake ya kwanza tu.

Nikatunza wazee majira yote ya baridi. Kila nilipomsukuma mzee wa watu kwenye kiti kinachovuta upande mmoja, nilikuwa naikumbuka ile karakana. Theluji ilipoyeyuka Bi Linda akanipigia simu. Hakuwa amenichoka, na mpaka leo sijui ni kwa nini. Hospitali moja ilitaka mtu wa kutengeneza vitanda na viti. Nilipanda basi peke yangu. Kiingereza kilichechemea, nikasema "kidogo" mahali nilipostahili kusema "sana", lakini nilisema. Kazi hiyo niliifanya mpaka magoti yakakataa.

Sasa sikiliza, maana nimechoka na sitarudia. Watu wa shirika lako wamekubishia hodi. Wamekufundisha kuandika barua, wamekupa viatu vya kazini, wamempigia mtu simu wakaweka jina lao rehani kwa ajili yako. Hiyo ni hisani, na hisani kazi yake inaishia mlangoni. Si haki kumtaka mtu aliyekufungulia mlango akubebe mgongoni pia, na si haki mama yako akubebe, wala mimi. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, hata kama cha nduguye ni maneno tu. Mkubwa umheshimu, macho uyashushe kwangu ukitaka. Lakini ukiulizwa unajua nini, mtu mzima anajibu. Kusema kweli juu ya mikono yako si majivuno. Na ukumbuke kuna kijana mwenzako nyuma yako kwenye foleni ya shirika, anaomba Mungu wewe ufanye vizuri.

Mama yako nimeshamwambia: yeye haendi. Amekasirika, na atakuwa amenisamehe kufikia Krismasi. Alhamisi nitakupeleka mimi kwa gari langu, kwa sababu ya barafu tu. Nitaegesha. Nitabaki ndani na kufunga milango. Ukirudi kuniita, nitawasha gari niondoke, na kwa miguu mpaka hapa ni mbali.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye ile ofisi, akupe mwajiri mwenye masikio, na wewe akupe sauti. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikukoseshe usingizi. Ukipata, uje uniambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Mama yako asinipigie.