Mwenye Kushika Uzi

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ndugu zangu wote wanakuja kwa mama, hapa Shituru ninapoishi naye, pamoja na watoto wao. Nyumba ni ya kampuni ya shaba, vyumba vitatu tu, kwa hiyo baada ya misa wakubwa wanajaa sebuleni na wadogo wanasukumwa barazani. Mimi nina miaka thelathini na minne, ila nasukumwa pamoja nao. Ni kitinda mimba, sina mume, na ninajua kufuma kwa krosheti. Kwa dada zangu hayo matatu yanatosha kunifanya mlinzi wa watoto.

Watoto siwachukii, nisisingiziwe; mimi ni tantine wao, mama mdogo na shangazi kwa pamoja. Wanapenda kuona uzi unavyogeuka kofia. Ninanunua sweta kuukuu sokoni, tunazifumua pamoja, kisha mmoja ananyoosha mikono miwili mbele, uzi unazungushwa juu yake, na mwenzake anauvuta taratibu kuukunja uwe donge. Mwanzoni walikuwa wananipasua kichwa kwa kelele. Nikawatungia sheria: mwenye kushika uzi hasemi wala hasogei, akisema tu uzi unasokotana. Uongo mtupu. Uzi hauna habari na maneno ya mtu. Lakini walinyamaza, nami nikajiona mjanja.

Jumapili ninayoikumbuka nilikuwa na jambo. Mama mmoja wa Lubumbashi, mwenye karakana ya nguo za watoto wachanga, alikuwa ameona kazi yangu akaniita nikafanye kazi kwake: chumba cha kulala, mshahara, na wasichana wa kufundisha. Alitaka jibu kesho yake. Nilimwambia kaka yangu mkubwa asubuhi ile, mlangoni mwa kanisa. Akasema sawa, tutazungumza wote baada ya kula.

Tulikula. Nilipomaliza kuosha sahani nikakuta mlango wa sebule umefungwa, na watoto sita wananingojea barazani. Mpwa wangu wa miaka saba, binti wa dada, ndiye aliyekuwa na zamu ya kukunja. Akanivisha uzi mikononi kabla sijakaa vizuri. Nikajiambia ni dakika mbili tu, kisha naingia.

Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia kaka akieleza habari yangu, dada akiuliza nani basi atakaa na mama, mwingine akisema yeye ana watoto wadogo, mwingine kazi yake iko Kambove. Walisema kwa upole, kama watu wanaotafuta mahali pa kuweka kabati. Mama hakusema kitu. Nikafungua mdomo niwaite, na mpwa wangu akaniwekea kidole kwenye midomo.

"Tantine, usiseme. Mwenye kushika uzi hasemake."

Watoto wote walikuwa wananitazama. Nikanyamaza. Niliona aibu kuvunja sheria yangu mwenyewe mbele yao, na tuseme ukweli, niliogopa pia. Kuingia mle ndani na kusema nataka kuondoka, mbele ya mama, nilikuwa nakukwepa tangu alfajiri. Nikabaki nimenyoosha mikono kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Kaka akatoka, akasimama mbele yangu.

"Tulishapatana. Weye utabakia na mama. Ile mambo ya Lubum tutaona mwaka ingine. Uko na neno?"

Mikononi ilikuwa imebaki mizunguko kumi hivi. Nikatikisa kichwa kwamba sina. Akanigusa bega, akarudi ndani kumalizia bia yake.

Jumatatu nilimpigia simu yule mama wa Lubumbashi, nimesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliniuliza nani amenikataza. Nikatafuta mtu wa kumtaja, nisimpate.

"Ni mama," nikasema. "Iko mugonjwa. Magoti."

Mama alikuwa uani, hatua tano kutoka kwangu, anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa mikono miwili, mzima kunishinda mimi. Mchi ukasimama. Akaniangalia kidogo, kisha akaendelea kutwanga.

Kesho yake asubuhi aliamka anachechemea.