Kompyuta Niliyomtengenezea Kaka Ndiyo Aliyonifutia Kwenye Picha za Harusi Yake

Admin, naomba unifichie jina. Wakubwa shikamooni, wadogo zangu nawasalimu.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na nane, fundi cherehani hapa Manyoni. Nilipokuwa na miaka mitano niliungua na mafuta ya moto. Upande mzima wa kulia wa uso wangu hadi shingoni ni makovu, na jicho la upande huo halifumbiki vizuri. Nimeshazoea. Watoto wakinishangaa sokoni nawasalimia tu, napita. Baba alishafariki, tumebaki mama, kaka yangu mkubwa na mimi.

Kaka ana studio ya picha na video za harusi. Kompyuta yake ilikuwa ya mtumba, imechoka kabisa. Anafungua programu ya kuedit, anakwenda kunywa chai, akirudi bado inazunguka. Video ya harusi moja ilikuwa inachukua siku mbili, na katikati mashine inazima anaanza upya. Wateja wakaanza kumkimbia. Fundi wa kompyuta akamwambia hana haja ya kununua nyingine, abadilishe vitu vya ndani tu: aongeze RAM, yaani kumbukumbu ya mashine, atoe ile diski ya zamani aweke SSD yenye kasi, na afunge kadi ya graphics ili video zisigande. Lakini kaka hakuwa na kitu, maana alikuwa anajiandaa kuoa.

Mama akaniita jikoni. Akasema, "Mwanangu, wewe huna mtu wa kukusubiri. Msaidie mwenzio asimame."

Lile neno liliniuma, lakini nilikubali. Niliuza cherehani yangu nipate hela ya hivyo vifaa, nikaanza kushona kwa kukodi ya mtu. Kompyuta niliipakata mwenyewe kwenye basi mpaka Singida mjini, nikasimama pale kwa fundi mpaka ikawaka. Ilifunguka papo hapo. Nilipompigia kaka alipiga kelele kwenye simu, "Mdogo wangu, umeniokoa!"

Harusi ikafika. Gauni la mama nilishona mimi, na vitenge vya mashangazi nilishona mimi. Nilicheza, nilibeba zawadi pamoja na mama, na kwenye picha ya familia nilisimama mbele kabisa, mkono wa mama ukiwa begani kwangu.

Wiki mbili baadaye kaka na wifi wakaja nyumbani na video pamoja na picha kubwa ya fremu. Tukakaa sebuleni, mimi, mama na shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Video ikaanza. Nikajitafuta kanisani, sikujiona. Nikajitafuta kwenye zawadi, nikamwona mama anatembea peke yake na lile beseni tulilolibeba wawili. Kaka akafunua ile fremu. Pale nilipokuwa nimesimama pamewekwa ua kubwa kwenye chungu. Mkono wa mama uko juu ya majani.

Shangazi ndiye aliyeuliza, "Na huyu mtoto yuko wapi?"

Kaka hakuona haya hata kidogo. Alisema, "Shangazi, hii kazi ile mashine ya zamani isingeiweza. Sasa hivi ni dakika chache tu, na huoni hata alama." Kisha akanigeukia, "Usichukie, mdogo wangu. Hizi picha ziko dukani, watu wanazitazama. Wakikuona wewe hawamwangalii tena bibi harusi."

Wifi akacheka akiwa amejiziba mdomo. Nilimtazama mama. Mama akasema, "Imetoka vizuri. Itundikeni pale."

Nilijiambia ni picha tu.

Sasa kuna mwanaume wa kijiji cha Issuna, anaezeka mabati, ananipenda jinsi nilivyo. Wazazi wake walimtuma shangazi yake aje Manyoni kuulizia kwetu kabla ya kuleta barua ya posa. Yule mama aliingia studio, akaiona picha ya familia na mimi simo, akamuuliza kaka kama yule binti mwenye makovu ni ndugu yake. Kaka akamjibu, "Hapana. Ni msichana tuliyemlea tu."

Mchumba wangu alinipigia simu, sauti imebadilika. "Wazee wanasema umenidanganya. Kumbe huna kwenu?"

Nilikwenda studio nikampigia kaka magoti mbele ya wateja. Nilimwomba apige simu moja tu, aseme mimi ni dada yake. Akaendelea kuedit bila kunitazama. "Mke wangu na wakwe zangu nao wanajua hivyo hivyo. Unataka nionekane mwongo?"

Nikarudi kwa mama nikilia. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. "Siku ile unaungua nilikuacha na kaka yako. Alikuwa anachezea karai la mafuta, likakumwagikia. Anaumia kukuona. Muonee huruma."

Mimi ndiye nimwonee huruma yeye.

Wazee wa Issuna wamesema wataleta barua Jumamosi hii iwapo kuna mtu wa ukoo atakayewapokea. Shangazi yangu amekubali kunisimamia nyumbani kwake. Mama amesikia, na jana aliniambia waziwazi, "Ukipokelewa barua kwa shangazi yako, umewaambia watu mwanangu ni mwongo. Usirudi tena hapa." Na mama ana sukari, miguu imevimba, wa kumpikia na kumwogesha ni mimi. Wifi hajawahi hata kumchemshia maji.

Ndugu zangu, niende kwa shangazi nimwache mama, au nibaki nimuuguze na nimkose huyu mwanaume? Nielekezeni, akili yangu imefika mwisho. Ila nawaomba msinitukane. Ya nyumbani yananitosha.