Nyundo ya Kumi na Mbili

Saa mbili asubuhi, Melania ameweka kiganja juu ya jiwe na hataki kukiondoa.

"Anza na mkono wangu," anasema. "Ukishauponda, ndiyo upige hilo jiwe."

Mbele yake amesimama Bujiku, mchimbaji wa miaka thelathini na moja, nyundo mkononi. Jiwe lenyewe, lenye ukubwa wa punje ya mahindi, amelitoa kwenye chekecheo dakika kumi tu zilizopita, na sasa limewekwa juu ya kipande cha reli. Pembeni, broka mwenye miwani ya jua anamhimiza.

"Piga, bwana, unaogopa nini? Almasi haivunjiki. Ikivunjika, chupa hiyo."

Hapa Maganzo, mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, wachimbaji wadogo wengi wanakiamini kipimo hicho kama wanavyoamini kuwa jua litachomoza kesho. Jiwe likistahimili nyundo ni almasi. Likipasuka, halina maana, litupwe. Ni kipimo cha haraka, hakina gharama, na ni uongo mtupu.

Melania, ambaye hapa kila mtu humwita Mama Violeth, anajua uongo huo umemgharimu nini. Ana miaka arobaini na tisa, na kazi yake ni kuchekecha kokoto za wenye mashimo kwa ujira wa shilingi elfu tano kwa siku. Mwaka 2011 mume wake, Masalu, alipata jiwe jeupe lenye ncha mbili. Broka aliyekuwepo siku hiyo, si huyu wa miwani, alimwambia maneno yaleyale. Masalu akapiga. Jiwe likapasuka vipande vitatu.

"Yule broka akacheka, akasema pole, mmechimba chupa," anasimulia Melania. "Halafu akainama, akaokota vipande. Eti anampelekea mtoto wake achezee! Akatuachia elfu thelathini ya soda. Tukamshukuru. Unasikia? Tukamshukuru!"

Wenzake shimoni walimcheka Masalu hadi akaacha kuchimba, akarudi kwenye pamba. Alifariki mwaka 2016 akiamini kwamba miezi minane ya jasho lake ilizaa chupa.

Lakini broka hakuokota vyote. Kibanzi kimoja, kidogo kama ukucha wa mtoto mchanga, kiliruka kikaangukia kwenye chekecheo. Melania alikifunga kwenye karatasi ya dawa, akakiweka bila kujua anakiwekea nini.

Kilichomfungua macho ni daftari la binti yake. Violeth alikuwa kidato cha tano, anasoma fizikia, na likizo moja alikuwa akinung'unika juu ya somo la fuwele, maana lilikuwa limejaa maneno ya Kiingereza yasiyoshikika. Mama akaona mchoro: vinukta vimepangwa safu kwa safu, na chini yake neno "almasi" ambalo Violeth alikuwa ameliandika kwa penseli.

"Nikamwambia, hebu nieleze hiki. Akasema, mama, hata mimi sijaelewa. Tukaenda wote kwa mwalimu."

Mwalimu Sostenes aliwaeleza kwa Kiswahili, kwa nusu saa. Fuwele ni kitu ambacho atomi zake, zile chembe ndogo zisizoonekana, zimejipanga kwa utaratibu uleule kila upande. Ugumu wa almasi maana yake ni kwamba haikwaruziki ovyo. Haina maana kwamba haipasuki. Kuna pande ambazo safu za atomi zimeshikana kwa viungo vichache, na ukipiga hapo jiwe linaachana, uso laini kabisa. Hiyo inaitwa mpasuko.

"Kama gogo," anasema Melania. "Mninga ni mgumu, lakini ukiupiga kwa kufuata mshipa wake unapasuka. Kila mwanamke anayechanja kuni anajua. Ila la almasi walituficha."

Alitoa kile kibanzi. Mwalimu akakiweka chini ya lenzi ya maabara, akakigeuza huku na huku. Uso mmoja wa kibanzi ulikuwa umenyooka kuliko kioo. Melania akaelewa kabla hajaambiwa, akalia mbele ya binti yake.

Kilio kilipokwisha, hasira ilibaki, na mwandishi huyu haoni kwa nini isibaki. Mwaka uliotangulia, wachimbaji wadogo walikuwa wameletewa semina ya siku mbili. Mambo haya yote yalikuwemo, tena na picha, kwa Kiingereza. Melania alihudhuria. "Maneno yalipita kama malori yanayokwenda bandari kavu ya Isaka," anasema. "Hakuna hata moja lililosimama tukapanda. Wakatupa soda na cheti." Aliyeandaa semina ile alijua anawasemesha nani. Na broka aliyeinama kuokota vipande alijua anaokota nini.

Kwenye kipande cha reli, Bujiku ameiweka nyundo chini. Melania anatoa sahani ya bati aliyoipaka grisi, anaimwagia maji, kisha analiweka jiwe lililolowa pamoja na kokoto chache. Anaiinamisha sahani. Kokoto alizochanganya nalo zinateleza zote, zinaanguka. Jiwe la Bujiku limeng'ang'ania grisi, kama almasi inavyofanya.

Anampa Bujiku lenzi ndogo ya mkononi. "Tazama ubavuni. Unaona vipembetatu vidogo?"

"Naviona, mayu," anajibu Bujiku, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Fuwele ya pande nane hiyo. Peleka soko la madini mjini, likapimwe na wenye mizani. Na usimpe mtu akushikie."

Broka hayupo tena. Ameondoka na pikipiki bila kuaga.

"Wabeja, mayu," anashukuru Bujiku. "Likiuzwa nikuletee ngapi?"

"Sitaki chochote. Nipe nyundo."

Nyumbani kwake, chini ya upenu wa bati, zimening'inia nyundo kumi na moja, kila moja na jina la mwenyewe limeandikwa kwa chaki. Anapanga kuomba chumba shuleni siku za Jumamosi awafundishe wachimbaji maneno haya kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma kwa wanaohitaji. Violeth, ambaye sasa yuko chuo, ameshamwandikia kurasa sita.

Anaitundika ya kumi na mbili karibu na mlango, pembeni ya nyundo iliyoshika kutu kuliko zote, ambayo jina lake linasomeka bado: Masalu.

"Hiyo ndiyo ya kwanza," anasema. "Nataka ifike siku nizunguke mashimo yote nikiomba nyundo, waniambie, mama, hatuna."