Siku Fruma Alipokataa Kurusha

Mimi ndiye niliyedaka mipira ya Fruma Lipkowitz kiangazi kile cha 1933, Toronto. Mchana alishona mifuko ya makoti kiwandani, mtaa wa Spadina. Jioni alirusha mpira wa besiboli hadi viganja vyangu vikavimba. Timu yetu ilikuwa ya wasichana wa Kiyahudi. Mtaliano nilikuwa peke yangu, wakinitania, "Concetta, hata matusi utapata fungu lako!"

Nililipata. Vijana wenye beji za swastika, ile alama ya Hitler, walikaa nyuma yangu wakizomea, "Rudini kwenu!" Kwao Fruma ni mtaa wa tatu kutoka uwanjani.

Katibu wa ligi akamwita pembeni. "Binti, itoeni hiyo nyota ya Daudi kifuani. Watatulia."

"Na wao umewaambia watoe nini?"

Katibu akaenda zake.

Siku ya nusu fainali wale vijana wakatundika shuka la swastika kwenye uzio, likimtazama Fruma usoni. Akaushika mpira, asirushe.

"Rusha!" mwamuzi akafoka.

"Hilo likishuka."

"Dakika tano, la sivyo mmeshindwa."

Watu wakajitia hawaoni. Fruma akavuka uwanja, sisi nyuma yake, akaupanda uzio.

"Njoo ulichukue, mrembo!" mmoja akacheka.

Akalichukua. Chupa waliyomrushia ikampasua juu ya jicho, hakuliachia shuka. Likachanika, akaanguka nalo. Mimi nilimng'ata mtu mkono, na sijutii.

Ushindi wakapewa wapinzani wetu. Nyumbani, mama yake akamwosha damu huku akilia. "Mwanangu, si mpira tu huo?"

"Kama ni mpira tu, Mama, mbona hawaniachi niucheze?"

Jumanne akaingia mbele ya kamati ya ligi, nyuzi sita juu ya jicho, akadai mechi irudiwe. Walikuwa wanamcheka tu, mpaka alipoinuka Maisie Corrigan, nahodha wa wale wapinzani wetu.

"Ushindi wa chupa sisi hatuutaki," akasema. "Msiporudia, fainali mtacheza wenyewe, na hayo matumbo yenu."

Ikarudiwa, na mashuka yakapigwa marufuku. Fruma alirusha na nyota yake kifuani, jicho moja limevimba, akawatoa wapigaji tisa bila hata mmoja kuugusa mpira. Tulifungwa kwa pointi moja.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alinigombeza kwa mpira mmoja ulioniponyoka. Alhamisi, kabla sijamaliza supu, alikuwa mlangoni, mpira mkononi.

"Inuka wewe! Mwakani hawatupati."