Hesabu Zangu Hazina Kosa, Ila Zitawaponza Watu

Admin, jina langu na la kijiji usiweke, nitafukuzwa. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, nimeolewa huku vijijini Bariadi, na mimi ndiye mhasibu wa chama chetu cha wakulima wa pamba. Mwenyekiti wa chama ni baba mkwe wangu.

Taarifa ya mwaka jana niliiandika mwenyewe. Ilionyesha ziada kubwa, wakaguzi wakaipitisha, wanachama wakanipigia vigelegele. Na kweli haina kosa hata la shilingi. Ila ile ziada karibu yote ilitokana na kuuza lori letu bovu. Hela ya lori niliiweka kwenye mstari wa "mapato mengineyo" nikanyamaza, na hakuna aliyeuliza. Watu waliangalia namba ya mwisho tu, wakaamini ni pamba ndiyo imeleta yote hayo na kila msimu itakuwa hivyo. Lori lingine la kuuza hatuna!

Sasa Jumamosi wanapiga kura wachukue mkopo wa trekta, mashamba yao yawe dhamana. Nimepiga hesabu bila lori: tunabakiwa na hela ya kumlipa mlinzi wa ghala, basi. Marejesho yatatoka wapi?

Nikaenda kwa baba mkwe, nikapiga magoti nikamsalimia, nikamweleza. Akaniuliza, "Mayu, mama yangu, ulikosea hesabu?"

"Hapana, baba."

"Wakaguzi walizikataa?"

"Hapana."

"Sasa hofu ya nini? Nimewasomea watu taarifa hiyohiyo, leo nigeuke?"

Nikainuka nikarudi nyumbani. Mume wangu naye akaja juu: "Ukisimama mkutanoni kumpinga baba, hapa usirudi." Na huku kwetu mkamwana kumbishia mkwe mbele za watu, mmh, hata ndugu zako wenyewe watakukana.

Leo asubuhi kaja shangazi yangu, mjane aliyenilea, naye ni mwanachama. Ana hati ya shamba lake kwenye mfuko, anataka nimtolee kopi ya kupeleka kwenye mkopo. Nikamwambia, "Shangazi, subiri kwanza." Akacheka.

"Nisubiri nini? Hizo namba mimi sizijui, ila aliyeziandika namjua."

Nimemtolea kopi, akaondoka nayo. Jumamosi ni keshokutwa. Ndugu zangu, nisimame niseme nipoteze ndoa, au ninyamaze shangazi apoteze shamba? Niambieni la kufanya, naogopa sana.