Shingo Yangu na Ukanda wa Kuni

Wewe ambaye mkono wako hufa ganzi, keti vizuri unisikilize. Mimi niliuhangaikia mkono wangu miezi miwili, na kumbe mkono haukuwa na kosa lolote.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye shamba la mzungu upande wa Molo, nikichuma pareto, yale maua meupe ya dawa ya wadudu. Kazi hiyo inataka vidole. Unashika ua chini ya kichwa chake, unalikata kwa kidole gumba, unalitupa kikapuni, na mkono wa pili umeshafika kwenye ua jingine. Vidole vyangu vya kulia vikaanza kuwa kama si vyangu. Maua yaliniponyoka. Nyapara alinitazama siku kadhaa, kisha akaniambia bila ukali, "Mama, nyumba za hapa ni za watu wenye mikono miwili. Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi." Nilikuwa mjane, na ndani ya nyumba niliyopewa hapo shambani mlikuwa na watoto wangu watatu.

Jirani yangu, tuliyechuma naye mstari mmoja na kwenda naye kuni kila jioni, aliukanda mkono huo kwa maji ya chumvi mpaka ngozi ikaambuka. "Lazima upone," alisema. "Ukifukuzwa hapa nitasengenya na nani?"

Ndiye aliyenipeleka kwa nyanya mmoja wa Kuresoi, aliyejulikana kwa kukanda wajawazito na walioteguka. Nilimnyooshea mkono. Hakuugusa.

"Geuza uso kushoto," akasema. Kidevu kilikaribia bega. "Sasa kulia." Kikakwama katikati. Akaniinamisha kichwa upande huohuo wa kulia, akaweka kiganja utosini na kukandamiza kidogo tu. Vidole vikawaka kama nimeshika upupu.

"Mkono ni mtoto anayelia," akasema. "Anayemfinya yuko huku juu." Akagusa chini ya shingo, mahali palipokuwa pagumu kama fundo la kamba. "Kuni unaenda na nani?"

"Na huyu."

"Hutembea upande gani wako?"

Tukatazamana. Kulia, siku zote. Mzigo ulikuwa mgongoni, ukanda wake umepita juu ya kichwa, nami njia yote kutoka msituni nilikuwa nimepinda shingo nisipitwe na neno.

"Umemnyonga mwenzako kwa maneno," nyanya akamwambia.

"Yalikuwa matamu, nyanya," jirani akajibu, lakini macho yake yalikuwa chini.

Nililala chali kwenye ngozi ya ng'ombe. Nyanya akajipaka mafuta ya mbarika mikononi, akakishika kichwa changu kama mtu anayebeba kibuyu kilichojaa. Hakukivuta kwa nguvu wala hakukizungusha ghafla. Alitafuta kila msuli uliokaza, akaubonyeza polepole, akangoja ulegee, ndipo akausogelea mwingine. Mwishoni akakivuta kichwa taratibu kuelekea kwake, na nikahisi joto likishuka begani hadi kwenye kiganja. Nililia kidogo. Haikuwa kwa maumivu.

Nilirudi kwake mara mbili zaidi. Muda wote huo alinikataza ukanda, na jirani akanibebea kuni zangu juu ya zake, akinung'unika kwamba nyanya ndiye aliyemhukumu kifungo.

Asubuhi moja kwenye mstari nilishika ua, na nikahisi bua lake: jembamba, lenye umande, lenye vinyweleo. Nilikuwa nimesahau kwamba lina vinyweleo. Nyapara alipopita, alisimama nyuma yangu kwa muda, akaitazama mikono yangu yote miwili ikienda, kisha akaendelea na njia yake. Mwezi uliisha tukiwa bado ndani ya nyumba ileile ya shambani.

Basi, ukibeba mzigo kwa ukanda, tazama mbele. Mwenzako akianza habari tamu, tua mzigo kwanza, ndipo umgeukie.